Ndago kwenye ukoka: jibu kwa mama wa Buswelu

Msomaji wa Buswelu, Mwanza, ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilipanda ukoka mbele ya nyumba, eneo la mita 12 kwa 10. Kiwanja chetu ni cha mteremko na udongo wake ni mchanga, kwa hiyo nilinunua tripu moja ya udongo mweusi nikaumwaga juu kabla ya kupanda. Ukoka ukashika vizuri. Tangu masika iishe, magugu yameuzidi nguvu. Kuna moja linafanana na nyasi, nikiling'oa moja yanarudi matatu. Kuna lingine la miiba linatoboa kandambili za watoto, na kishona nguo imejaa pembeni. Jirani ananiambia nimwage maji ya chumvi na siki. Dukani wananiambia ninunue dawa ya kupuliza. Nina watoto wawili wadogo na bata sita, sitaki sumu. Nifanyeje magugu yaondoke na ukoka ubaki?"

Marahaba, mama. Nimefurahi umeuliza kabla ya kumwaga, maana chumvi ikishaingia ardhini huwezi kuizoa tena. Naanza na hilo gugu linalofanana na nyasi. Hayo mengine ni kazi ya wiki mbili tatu tu. Hili ndilo litakaloamua kama uwanja wako utabaki wa ukoka.

Kwanza lihakikishe. Shika shina lake karibu na ardhi, ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi ni la mviringo, linazunguka bila kukwama. Hili litakukwaruza, utahisi pembe tatu zikipita kwenye ngozi moja baada ya nyingine. Majani yake yanang'aa kuliko ya ukoka, na ukikata uwanja Jumamosi, Jumatatu utakuta limeshachomoza juu ya wenzake wakati ukoka uko palepale. Dalili hizo zote zikikubali, hiyo ni ndago, na si nyasi hata kidogo, ni wa ukoo wa mafunjo. Ndiyo maana mengi yanayosemwa kuhusu nyasi mbaya hayaigusi.

Sasa nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea kusoma, au kesho asubuhi. Mwagilia kipande kidogo jioni kilainike. Asubuhi chukua kisu cha zamani chenye ubapa mrefu, kichome ardhini pembeni ya shina moja la ndago mpaka kiingie kama shubiri, kisha inua bonge zima. Usivute majani. Weka bonge kwenye karai, ulifumue polepole kwa vidole. Chini ya shina utaona uvimbe mdogo. Kwenye uvimbe unatoka uzi mwembamba wa kahawia, mgumu kama waya. Ufuate uzi huo taratibu, utafika kwenye kiazi cheusi kisichozidi ukubwa wa karanga. Uzi hauishii hapo. Unaendelea hadi kiazi cha pili, cha tatu, kama shanga kwenye kamba. Kipasue kimoja kwa ukucha, ndani ni cheupe na kinanukia.

Hapo ndipo penye fumbo lako la moja kurudi matatu. Kila kiazi kina macho kadhaa, kama kiazi mviringo cha jikoni. Mnyororo ukiwa mzima, chipukizi lililotangulia juu huwazuia wenzake walioko nyuma, wanabaki wamelala. Ukivuta majani, uzi unakatika. Juu mkononi unabaki na jani, chini umewaamsha waliolala. Kila ulipong'oa kwa hasira, mama, ulikuwa unapanda. Na wala si wewe peke yako, karibu kila uwanja ninaoitwa kuutazama Nyegezi au Ilemela una historia hiyohiyo.

Ilikotoka sina shaka nako: ni ile tripu. Udongo mweusi unachimbwa mabondeni, mara nyingi penye majaruba ya mpunga au bustani za mboga, na ndago inapenda mno sehemu zenye unyevu zinazolimwa mara kwa mara. Lori moja linaweza kubeba viazi visivyohesabika, na kwa kuwa ni vyeusi kama udongo wenyewe, huvioni. Siku nyingine kabla hujalipa, chukua ndoo moja ya udongo huo, utandaze kwenye karai, uulowanishe, uuache kivulini wiki mbili. Kinachoota kwenye karai ndicho kitakachoota uwanjani kwako. Muuzaji asiyetaka kusubiri wiki mbili mwache aende na lori lake.

Basi tunaiondoaje? Gawa uwanja sehemu mbili kwa macho: palipo na ukoka mzuri wenye ndago iliyotapakaa mojamoja, na palipo na ndago tupu, ukoka umekwisha kufa. Sehemu hizi mbili hazitibiwi kwa namna moja, na kosa kubwa ninaloliona ni mtu kushika jembe na kulima yote.

Palipo na ukoka mzuri, kazi yako ni kuichosha ndago. Kiazi ni ghala. Kinatumia akiba yake kutoa chipukizi, halafu majani yakikomaa yanairudisha akiba na kutengeneza viazi vipya. Chipukizi likiondolewa kabla halijafikisha wiki tatu, ghala limetoa na halijapokea. Kwa hiyo kila baada ya siku 10 hadi 14 pita na kisu, siku ambayo ardhi ina unyevu. Inua kila shina pamoja na kile kivimbe chake na kiazi kama kinakuja, bila kubomoa ukoka ulio pembeni, kisha bonyeza udongo kwa kiganja urudi ulivyokuwa. Kwa mita zako 120 za mraba, mara ya kwanza itakula asubuhi mbili au tatu. Mara ya tano itakuwa nusu saa. Ukiruka mwezi mmoja tu katikati, ghala limejaa tena na umeanza upya, kwa hiyo ni afadhali uchague siku moja ya wiki ukaishika kama siku ya gulio kuliko kufanya kazi ya kutoa jasho mara moja kwa miezi miwili.

Palipo na ndago tupu, kuchosha hakutoshi. Hapo chimba, na wakati wake ni huu huu wa kiangazi, kuanzia sasa mpaka Septemba. Tumia jembe uma. Jembe la kawaida linakata mnyororo vipandevipande na kutawanya viazi pote. Zamisha meno yote, ufike sentimita 20 hadi 25, kwa sababu viazi vingi vimekaa kwenye sentimita 15 za juu, ingawa vichache vinateremka zaidi. Inua, tikisa, okota. Tumia chekeche ya mchanga ya mafundi ukiweza kuazima, inarahisisha sana. Vilivyookotwa usivitupe kwenye lundo la taka wala ng'ambo ya ukuta. Mwanza tumejaliwa miamba: vitandaze juu ya jiwe linalopigwa jua kutwa, viache wiki mbili bila kunyeshewa. Kiazi cha ndago kinavumilia mengi lakini hakivumilii kukauka. Utajua kimekufa ukikivunja kikatoa mlio mkavu, na ndani pamekuwa kahawia.

Baada ya kuchimba, unaweza kulowanisha kipande hicho na kukifunika na nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga, uzike kingo zake pande zote hewa isipite, uiache wiki sita. Joto la chini ya nailoni linaua mbegu nyingi na kuamsha viazi vilivyobaki karibu na juu, vinachipua na kuungua. Vya chini sana joto hilo halivifikii, usidanganyike. Na joto hilo linaua kila kitu, ukoka pia, kwa hiyo nailoni ni ya pale tu ambapo hakuna tena ukoka wa kuhurumia.

Nitakuambia ukweli kuhusu muda. Kwa njia hii ndago itapungua sana kufikia mwisho wa vuli, na masika ijayo ukiendelea kupita na kisu utakuwa unaitafuta badala ya yenyewe kukutafuta. Mtu anayekuahidi wiki moja, kwa dawa au bila dawa, hajawahi kuishi nayo.

Turudi kwa jirani yako. Najua amesema kwa nia njema. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye uwanja mmoja ulio karibu na maji, ambako mtunza bustani aliambiwa vilevile akamwaga chumvi ya mawe kwenye ndago. Ndago ilikauka majani, yeye akafurahi. Ukoka ukafa wote, udongo ukagandamana ukawa kama sakafu, na mvua ilipokuja kitu cha kwanza kuota kilikuwa ndago, kutoka vile viazi vya chini ambavyo chumvi haikuvifikia. Tulilazimika kuondoa udongo kina cha sururu na kuleta mwingine. Chumvi inaizuia mizizi isinywe maji hata kama maji yapo, na sodiamu yake inaharibu mpangilio wa chembe za udongo. Na kiwanja cha mteremko hakikai na chumvi yake: mvua ya kwanza inaiteremsha kwa jirani wa chini, kisha mferejini.

Siki ina hadithi yake. Siki ya jikoni ni asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi, nayo inaunguza majani mabichi inayoyagusa, bila kuuliza ni ya nani. Gugu changa la majani mapana linaweza kufa. Ndago inapoteza majani tu, kiazi hakijui hata kama kuna kilichotokea. Ukoka nao unaungua, na ingawa utachipua tena, utakuwa umerudi nyuma wiki kadhaa, nafasi imebaki wazi, na anayewahi nafasi wazi tumeshamwona. Siki na maji ya moto nakuruhusu sehemu moja tu: kwenye nyufa za zege na mapengo ya mawe ya njia ya kuingilia, ambako huna ukoka. Maji yakiwa yanachemka, mara mbili kwa tofauti ya wiki moja, yanamaliza machipukizi hapo vizuri kabisa. Watoto wawe ndani wakati huo.

Dawa ya dukani umeikataa mwenyewe na sina sababu ya kukubembeleza. Nyongeza yangu ni hii tu: dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magugu ya majani mapana haziigusi ndago, na zile zinazoua kila kitu zitaondoka na ukoka wako. Sisi watu wa Mwanza tuna sababu nyingine. Mifereji yetu yote inaishia ziwani, na maji ya bomba tunayoyanywa yanavutwa ziwa hilohilo, pale Capri Point na kwingineko. Ninachokimwaga mlimani kesho nitakikuta kwenye glasi.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka, wa kumwaga pumba za mahindi ili magugu yasiote. Umetokana na jambo la kweli lililopotea njiani. Huko Marekani, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Nick Christians, aligundua kwamba gluteni ya mahindi, yaani protini ya punje zake, inazuia mzizi wa mbegu inayoanza kuota, na mwaka 1991 matumizi hayo yalipewa hataza, ile haki ya kisheria ya mgunduzi. Lakini gluteni hiyo inapatikana kwenye viwanda vinavyoloweka mahindi kutoa wanga. Mashine zetu za kusaga zinakoboa mahindi makavu, na kinachotoka ni pumba, si gluteni. Hata ungeipata yenyewe, inafanya kazi kwa mbegu tu, kiazi cha ndago haikisumbui. Pumba wape bata.

Hayo mengine nayapita haraka. Lile la miiba ni mbigiri. Linatambaa chini kama mkeka, maua madogo ya njano, na lote hilo linashikiliwa na mzizi mmoja wa katikati. Tafuta katikati pake, likunje kuelekea ndani kutoka pembeni kama unavyokunja mkeka, kisha kata mzizi chini ya usawa wa ardhi kwa kisu. Halirudi. Linarudi kwa mbegu tu, nazo ndizo hiyo miiba, kwa hiyo liwahi lingali na maua. Kwa miiba iliyokwisha kudondoka, chukua gunia la zamani au kipande cha zulia kuukuu, kikokote juu ya uwanja ukikikanyaga. Miiba inanasa humo, unaichoma moto. Watoto wavae viatu mpaka umalize.

Kishona nguo ni wa msimu mmoja. Ukimkata kabla hajatoa zile sindano nyeusi, mara mbili tatu, amekwisha. Ukiona kongwe, ile ya maua ya bluu inayotambaa, usiikatekate, maana kila pingili inayogusa udongo inatoa mizizi, na inaficha mbegu nyingine hata chini ya ardhi. Ing'oe nzima, tia kwenye kiroba, toa nje. Mbuzi na sungura wanaipenda. Na ikitokea siku ukaona mmea wenye majani yaliyochanikachanika kama ya karoti na vimaua vidogo vyeupe vingi, hilo ni gugu karoti. Vaa glovu, usiache watoto wasogee, kwa sababu linawasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Ling'oe kabla halijakomaza mbegu, na umjulishe bwana shamba wa kata yako.

Sasa mama, nimeandika kurasa kuhusu magugu, lakini nikija kwako leo jambo la kwanza nitakaloangalia ni ukoka. Nitauliza anayekata ni nani, na anakata namna gani.

Najua jibu. Ni kijana mwenye fyekeo anayepita mtaani, anakata mpaka chini, uwanja unabaki kipara, na sote tunasema "pamesafishika". Tumezoea hivyo kwa sababu ya nyoka na mbu, na ni hofu ya haki kwa nyasi inayofika magotini. Ukoka wa sentimita 4 hauna pa kumfichia nyoka. Ila ukinyolewa hadi udongo uonekane, mambo matatu yanatokea siku hiyohiyo: jua linafika kwenye udongo na kuamsha mbegu zilizolala, ukoka unapoteza majani unayotengenezea chakula, na ndago, ambayo ina ghala lake chini, inatangulia kurudi. Ndago haipendi kivuli. Kivuli cha ukoka mnene ndicho dawa ya asili unayoitafuta, na hainunuliwi popote.

Mwonyeshe kijana vidole viwili. Avilaze juu ya udongo, kimoja juu ya kingine: hapo ndipo ukoka ubakie, sentimita 3 hadi 4. Kama una ile nyasi ya paspalamu yenye majani mapana, iwe vidole vitatu hadi vinne. Na asiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kama mvua zimeurefusha sana, kata mara mbili kwa tofauti ya siku chache. Fyekeo linoliwe kabla ya kuanza, butu linachana majani na ncha zinakauka. Pia lifutwe udongo wote linapotoka kwa mtu mwingine, maana linabeba mbegu za mtaa mzima.

Maji. Sijui unamwagilia vipi, lakini wengi wanashika mpira kila jioni, wanalowanisha juu, wanafunga. Hiyo ni huduma kwa mbegu za magugu na ndago, ambazo zinaishi juu, na ni njaa kwa mizizi ya ukoka, ambayo ingeweza kushuka. Mwagilia mara moja kwa wiki, asubuhi, mpaka maji yashuke. Weka kopo tupu lenye kuta zilizonyooka katikati ya uwanja. Likifikisha sentimita 2 hadi 2.5 funga. Kwa eneo lako ni kama lita 3,000, yaani yuniti tatu za maji kwa wiki, na najua bili si mchezo. Basi wakati wa kiangazi hiki usijilazimishe. Ukoka uliokwisha kushika unaweza kugeuka rangi ya majani makavu Julai na Agosti ukiwa mzima kabisa chini. Upe maji ya kutosha mara moja kila baada ya wiki mbili tatu, uvuke nao. Mvua ya kwanza ya Oktoba itauamsha kwa siku chache. Palipo na mteremko mkali, fungua maji kidogo, pumzisha nusu saa, fungua tena, la sivyo yanateremka juujuu yasiingie.

Udongo nao una neno. Chini una mchanga wa miamba yetu, ule Wasukuma wanaouita luseni, na juu umeweka udongo mweusi wa mfinyanzi kama blanketi. Ukilowa unavimba na kuteleza, ukikauka unapasuka, na watoto wakicheza juu yake unashindiliwa. Mizizi ya ukoka inafika kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili inasita. Jaribu hivi: siku moja baada ya kumwagilia, bonyeza bisibisi ndefu kwa mkono. Kama haiingii urefu wa kidole, umeshindiliwa. Dawa yake ni mashimo. Panda juu ya jembe uma, lizame sentimita 10, litikise mbele na nyuma, litoe, sogea shubiri moja, rudia uwanja mzima. Kisha tandaza mboji iliyochekechwa, iliyochanganywa na mchanga mnene nusu kwa nusu, unene wa nusu sentimita, uisukumie mashimoni kwa ufagio wa chelewa. Nusu sentimita kwa mita 120 za mraba ni lita 600, ndoo 30 za lita 20. Ukoka uchungulie juu yake, usifukiwe. Kazi hii fanya mvua za vuli zikishaanza kushika, Oktoba au Novemba, na sehemu ulizopalilia mpaka zikabaki tupu panda vishina vya ukoka siku hizohizo, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Wengi wanapanda kwa sentimita 30 kuokoa gharama, halafu magugu yanapata miezi mitatu ya kukaa bure kati ya shina na shina. Vishina vichukue kwenye uwanja wako mwenyewe, pale palipo safi.

Nimesema mboji, sikusema samadi, na kwa usukumani hili lina uzito wake. Ng'ombe wetu wanachungwa malishoni, wanakula kila kilichotoa mbegu, na mbegu nyingi zinapita tumboni zikatoka nzima. Samadi iliyotoka zizini moja kwa moja ni mfuko wa mbegu wenye mbolea yake. Ilundike kwanza pamoja na majani makavu, lundo la mita moja kila upande, lenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku nne tano ichomoe: ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, lundo linafanya kazi, maana mbegu nyingi zinakufa joto likifika nyuzi 55 hadi 65. Geuza kila linapopoa, samadi iliyoko pembeni iingie katikati, ndipo nayo ipate moto. Miezi mitatu utapata mboji isiyonuka zizi. Viazi vya ndago usiviweke humo hata siku moja.

Watu wa mwaloni wananiuliza kama magugu maji yanafaa kwa mboji. Yanafaa, ila zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, kwa hiyo yakatwe na yakaushwe juani kwanza, na yasipelekwe karibu na bwawa wala mto mwingine. Kila nikiyataja kuna anayekumbuka wale mbawakavu wa Neochetina walioachiwa ziwani miaka ya 1990 wakala magugu maji, anauliza kama kuna mdudu wa ndago. Wa kununua hakuna.

Pembeni mwa uwanja, upande wa kiwanja kisichojengwa ambako naamini kishona nguo inatokea, chimba mtaro mwembamba wa sentimita 15, upange mawe yaliyosimama, yasiachane. Mawe hapa hayana bei kubwa. Hayatazuia mbegu inayokuja na upepo au na manyoya ya mbwa, lakini yatazuia yote yanayotambaa. Ukipatana na mwenye kiwanja ufyeke mita mbili za upande wake kabla magugu hayajachanua, utakuwa umepunguza nusu ya kazi ya kishona nguo.

Na kama una mwembe unaofunika kona, usipigane. Ukoka unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, chini ya mwembe utazidi kunyongea kila mwaka na magugu yataingia hapo kwanza. Weka changarawe na benchi, au panda nyasi za majani mapana zinazovumilia kivuli.

Bata waache, hawana kosa. Wanakula konokono na majani machanga, na kinyesi chao ni mbolea. Ila hawataila ndago, na penye tope wanachimba kwa midomo. Kwa hiyo pale utakapopanda vishina vipya Novemba, weka uzio wa matawi kwa wiki sita hadi ukoka ushikane, halafu wafungulie. Kisu anza nacho kesho, kabla jua halijakaza, ukianzia upande wa juu wa mteremko.